Kasoro za Kuzaliwa: Kuenea Kwake na Vyanzo Vyake

Hujafa hujaumbika, walinena wahenga. Methali hii humkanya anayemcheka mwenye ulemavu. Hata hivyo, mtoto azaliwapo na kasoro ya kimaumbile, aghalabu lawama humwendea mama: ama alivunja mwiko, ama amelaaniwa. Sayansi yasema vingine.

Kasoro za kuzaliwa ni hitilafu za viungo au za utendaji wa mwili zinazotokea mtoto angali tumboni. Miongoni mwazo mna moyo wenye tundu, mdomo wa sungura, nyayo zilizopinda na mgongo wazi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watoto wachanga wapatao 240,000 hufariki kila mwaka kutokana nazo kabla ya kutimiza siku 28. Isitoshe, watoto 9 katika kila 10 wenye kasoro kubwa huzaliwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mara nyingi chanzo mahususi hakibainiki. Pamoja na hayo, yapo mambo yanayozidisha hatari: urithi, ndoa za watu wa damu moja, umri mkubwa wa mama, kisukari kisichodhibitiwa, pombe, maradhi kama rubela na kaswende, pamoja na baadhi ya dawa. Dawa ya thalidomaidi, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957 na kuondolewa madukani huko mwaka 1961, iliwalemaza zaidi ya watoto 10,000 duniani. Kina mama walioinywa waliambiwa kuwa ni salama.

Mgongo wazi hulidhihirisha suala hili vyema zaidi. Mrija wa neva, ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Usipojifunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Wakati huo wanawake wengi hawajatambua kuwa wana mimba.

Mwaka 1991, utafiti wa Uingereza ulithibitisha kuwa, kwa kina mama waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro ya aina hiyo, asidi ya foliki ilipunguza hatari ya kupata mwingine kwa takriban asilimia 72. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza maikrogramu 400 kila siku, tangu mwanamke anapopanga kushika mimba hadi wiki ya 12. Anayeanza kliniki mwezi wa nne hupata manufaa mengine mengi, lakini kinga hii imekwisha kumpita.

Nchini Kenya, tangu mwaka 2012 sheria huwalazimu wenye viwanda kutia asidi hiyo, pamoja na virutubisho vingine, katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa pakitini. Lakini kaya nyingi husaga mahindi yao kwenye vinu vya posho vijijini, na unga huo hauongezwi kitu. Kunde, maharagwe na mboga za majani husaidia, ila peke yake huenda visitoshe.

Ikiwa kasoro hutokea kabla mama hajajua kuwa ana mimba, kumlaumu ni kumwonea. Linalofaa ni elimu na vidonge vimfikie mapema, hata kabla ya mimba yenyewe.