Sakafu ya Mbao Mbele ya Mchanga wa Musoma

Anayejenga Musoma akitamani sakafu ya mbao huwa na swali moja kwa seremala: mbao ipi ni ngumu kuliko zote? Swali hilo lina maana yake, lakini linamsahau mharibifu mkubwa. Miamba mingi inayouzunguka mji huo ni itale, na itale ikimomonyoka huacha mchanga wenye chembe za kwatzi. Katika kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kwatzi ina ugumu wa 7, ilhali kisu cha kawaida cha chuma hakifiki 6. Hakuna vanishi inayostahimili kusuguliwa na chembe hizo kila siku, hata iwe imepakwa juu ya mpingo.

Ugumu wa mbao wenyewe hupimwa kwa njia aliyoibuni Gabriel Janka, Mwaustria, mwaka 1906. Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 hukandamizwa mpaka nusu yake izame kwenye mbao, kisha nguvu iliyotumika huandikwa. Mtiki huhitaji nyutoni zipatazo 4,700, mvule kama 5,600, mkongo karibu 8,000, na mpingo zaidi ya 16,000. Paini ya Sao Hill, inayofaa sana kwa kenchi, iko chini kabisa. Namba hizo zinaeleza iwapo mguu wa kiti au sufuria iliyoanguka itaacha shimo. Mikwaruzo myembamba ni habari nyingine.

Ndiyo maana mninga unastahili heshima kuliko namba yake ya Janka. Ukishakauka, hautanuki wala kusinyaa sana, kwa hiyo mbao hazifungui nyufa za kukusanya mchanga. Mchwa nao huuogopa, ila kiini chake tu. Ile sehemu nyeupe ya pembeni wanaila bila shida, na mnunuzi aikatae palepale dukani.

Kukauka ndiko kunakopuuzwa zaidi. Mbao zilizopigiliwa zikiwa mbichi husinyaa zikiwa sakafuni, na hapo hakuna msasa wa kusaidia. Asiye na kipimo cha unyevu anaweza kukata kipande kidogo, akakipima kwenye mizani ya dukani, akakiacha ndani ya nyumba wiki mbili, kisha akakipima tena. Kikiwa kimepungua uzito, mbao zisubiri. Zege la chini nalo likauke: mafundi wengi duniani hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hivyo jamvi la milimita 100 linadai miezi minne hivi.

Kisha kuna kinachopakwa juu. Vanishi ya poliurethani ni ngumu na inang'aa, lakini mng'ao huo huonyesha kila mkwaruzo, na ikichakaa katikati ya sebule mara nyingi chumba kizima hupigwa msasa upya. Mafuta ya mbao hayang'ai hivyo na hudai kupakwa mara kwa mara. Faida yake ni kwamba palipokwaruzika panasuguliwa kwa msasa laini kufuata nyuzi za mbao, panapakwa mafuta kwa kitambaa, basi. Kwa nyumba iliyo karibu na mchanga, mafuta ndiyo chaguo bora. Ubao mzima wa milimita 20 huvumilia kusuguliwa upya mara kadhaa. Laminati haivumilii hata mara moja, kwa sababu sura yake ya mbao ni picha iliyochapwa.

Mahali pia pachaguliwe. Nyumba ya Butiama inayopokea ukoo mzima wakati wa msiba au harusi ibaki na saruji barazani na sebuleni, mbao ziwekwe vyumbani ambako watu wameshavua viatu. Kibao cha kufutia miguu kikae nje ya mlango, na mchanga ufagiliwe kwa ufagio laini kwanza. Kupiga deki kwa ndoo ya maji, kama ilivyozoeleka Bunda na kwingineko, kunavimbisha mbao. Kitambaa kilichokamuliwa kinatosha.

Mbao za asili ziwe na alama ya nyundo na hati ya kusafirishia inayotambuliwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mtiki wa kupandwa, kama ule wa Longuza wilayani Muheza au Mtibwa mkoani Morogoro, unapunguza mzigo kwa misitu ya asili. Mnunuzi aongeze pia mbao chache za shehena ileile na kuzihifadhi, kwani rangi ya mninga hutofautiana sana kati ya mti na mti.