Ramani Tupu katika Mafunzo ya Jiografia ya Afrika

Ramani tupu ni ramani iliyochorwa pwani yake, na pengine mito na mipaka yake, lakini haikuandikwa jina lo lote. Waalimu wa shule za msingi waijua sana katika mitihani: mtoto hupewa umbo la Afrika, akaambiwa aandike majina ya nchi. Matumizi hayo ni halali, ila ni haba mno kwa chombo chenye manufaa kama hiki. Mtoto aliyekariri miji mikuu ya nchi hamsini na nne aweza kupata alama zote, na bado asijue kwamba msafiri atokaye Kigali kwenda Dar es Salaam kwa barabara ya Rusumo huvuka mpaka mmoja tu. Ametiwa majina kichwani. Bara lenyewe hajapata kuliona.

Somo la kwanza halihitaji jina hata moja. Mwalimu awape wanafunzi umbo la Afrika katika karatasi iliyokatwa sawasawa na ncha mbili za bara, ya kaskazini na ya kusini, kisha awaambie waikunje katikati. Ncha ya kaskazini iko Tunisia, kwenye digrii 37 na kitu. Ncha ya kusini ni Rasi Agulhas, karibu na digrii 35. Kwa hiyo kunjo litaangukia karibu kabisa na Ikweta. Litaingia bara karibu na Libreville, mji ulio kaskazini kidogo ya mstari, na kutokea karibu na Kismayu, ulio kusini yake kidogo. Sasa karatasi ikiwa imekunjwa, watoto waulizwe kitu gani kimelaliana na kitu gani. Misitu mikubwa ya Kongo iko penye kunjo lenyewe. Sahara, ingawa ni kubwa zaidi, inaelekeana na Kalahari na Namib. Tunis unakaribiana na Cape Town, nayo ni miji miwili ambayo hupata mvua zake wakati wa baridi, na pande zote mbili hulimwa mizabibu. Mtoto ataelewa bila ya kuhubiriwa kwamba hali ya hewa hufuata umbali wa mahali kutoka Ikweta. Naye mwanafunzi mwerevu atauliza mbona kaskazini ya Kenya na Somalia ni kukavu, ilhali ziko karibu na kunjo. Swali hilo lataka habari za pepo na milima, na mwalimu ana haki ya kuliahirisha hadi darasa la juu. Lakini afurahi kwamba limeulizwa.

Baada ya hapo ndipo mito ichorwe, na mipaka ingojee. Tanzania yafaa sana kwa zoezi hili, kwa sababu maji yake hayaendi upande mmoja. Mwalimu atie nukta nne katika ramani: Bukoba, Kigoma, Morogoro na Mbamba Bay, kisha aulize: mvua inyeshayo hapa huishia bahari gani? Ile ya Bukoba huingia Ziwa Viktoria, ikatoka Jinja kwa mto Nile, ikapita Uganda, Sudan Kusini, Sudan na Misri mpaka Bahari ya Kati. Ile ya Kigoma huingia Ziwa Tanganyika, ikatokea ng'ambo kwa mto Lukuga hata kufika Kongo, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki. Ya Morogoro haina safari ndefu: hushuka kwa Ngerengere na Ruvu hata Bahari ya Hindi, upande wa Bagamoyo. Ya Mbamba Bay nayo huishia Bahari ya Hindi, lakini kwanza hupita Ziwa Nyasa, mto Shire na Zambezi, ikatokea Msumbiji. Wala tusiisahau mito iingiayo Ziwa Rukwa, ambayo haifiki bahari yo yote. Penseli ya mtoto ikisha kuifuata njia ya maji ya Bukoba hadi Misri, habari ya mikataba ya mto Nile, ambayo wakubwa huijadili magazetini, haitakuwa tena habari ya watu wa mbali.

Hapa lugha huingia, tena huingia na taabu. Waalimu wengi husema, “Misri iko juu, Afrika Kusini iko chini,” kwa kuwa ramani imetundikwa ukutani. Matokeo yake ni kwamba mtoto aambiwapo kuwa Nile hutoka Uganda kwenda Misri, hudhani mto unapanda mlima. Wamisri wenyewe, kwa kuufuata mto, huita sehemu ya kusini ya nchi yao Misri ya Juu. Dawa ni kuilaza ramani sakafuni, ncha yake ya kaskazini ikielekezwa kaskazini kweli, na kuyafukuza darasani maneno juu na chini mpaka itajwe habari ya milima. Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hii. Kaskazini na kusini yametokana na majina ya pepo, kaskazi na kusi, zilizokuwa zikileta majahazi kutoka Arabuni na kuyarudisha. Mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu yenye asili ya kuchomoza na kutua kwa jua. Mtoto wa Lamu au wa Pemba ameyajua kwa ngozi yake kabla hajayajua kwa kitabu. Achore mishale ya pepo hizo katika ramani tupu ya Bahari ya Hindi, naye hatakosea pande nne tena.

Majina ya nchi na maziwa yaje mwisho, na yaandikwe kwa penseli. Sisemi hivi kwa mzaha. Ramani za ukutani hupitwa na wakati: Ziwa Rudolf limeitwa Turkana tangu 1975, Volta ya Juu imekuwa Burkina Faso tangu 1984, Sudan Kusini imejitenga mwaka 2011, na Swaziland imebadili jina kuwa Eswatini mwaka 2018. Pwani haikubadilika. Tena ziwa moja huitwa Nyasa Tanzania na huitwa Malawi kwa jirani. Bahari Nyekundu ya vitabu vya leo wazee waliiita Bahari ya Shamu. Kwangu mimi, yafaa mtoto ayajue majina yote mawili na kuambiwa ni nani asemaye lipi, kuliko kupigiwa mstari mwekundu kwa jina alilolisikia nyumbani.

Pengine mwalimu mwenye wanafunzi themanini atasema hana karatasi za kutosha. Basi akate umbo la bara katika kadibodi ngumu, nao walizungushie penseli madaftarini kwa zamu. Kwa ubao mkubwa iko hila ya zamani: huchorwa Afrika katika karatasi pana, pwani yake ikatobolewa matundu kwa sindano, kila tundu karibu na mwenzake, karatasi ikabandikwa ubaoni na kupigwapigwa kwa kifutio kilichojaa vumbi la chaki. Ikiondolewa, huacha nukta ambazo mwalimu huziunga kwa dakika mbili, na karatasi hiyo hutumika miaka mingi. Wachoraji wa ramani hizi wana tabia ya kuacha visiwa vidogo, Madagaska peke yake ikaonekana, na mtoto wa Zanzibar au wa Komoro akautafuta kwao asiuone. Sindano iko mkononi: atoboe Unguja, Pemba, Mafia na Komoro kabla ya kuipeleka karatasi darasani.