Gesi ya Baharini Hufika Kasulu kwa Waya

Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa ziarani Nairobi, Tanzania na Kenya zilitia saini makubaliano ya kusafirisha gesi asilia kwa bomba kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Mtu wa Kibondo, huku mkoani Kigoma, ana haki ya kuuliza: kama tuna gesi ya kumtosha na jirani, mbona mtungi wa kilo 6 bado unatushinda bei?

Hizo ni gesi mbili tofauti. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, karibu yote ni methani. Kuigeuza methani iwe kimiminika lazima uipooze hadi nyuzijoto 162 chini ya sifuri. Mtungi wa dukani hauwezi kazi hiyo. Ndani ya mtungi mna propani na butani, ambazo hukubali kuwa kimiminika kwa shinikizo dogo tu, ndiyo maana ukiutikisa unasikia kitu kikichezacheza. Hizo tunaziagiza nje. Hushushwa bandarini Dar es Salaam na Tanga, kisha hupanda malori kuja huku kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Bei ya mtungi inafuata soko la dunia, thamani ya dola na nauli ya lori. Bomba la Mombasa halitaigusa.

Methani inataka bomba, na bomba linataka mnunuzi mkubwa. Tangu 2004 gesi ya kisiwa cha Songo Songo inavuka chini ya bahari, kilomita 25 hivi, ikatokee Somanga, halafu kilomita 207 nchi kavu hadi Dar es Salaam. Kulaza bomba baharini ni kazi ya subira. Vipande vya chuma, kila kimoja kama mita 12, huchomelewa kimoja baada ya kingine juu ya meli, kila kiungo hupigwa picha ya mionzi kutafuta ufa, ndipo bomba hushushwa taratibu hadi sakafu ya bahari. Nje huvikwa zege. Kazi kubwa ya zege hilo ni uzito, kwa kuwa bomba lililojaa gesi huwa jepesi na linaweza kuelea. Vipande vya zinki au alumini hufungwa juu yake ili kutu ivile hivyo kwanza na kukiacha chuma cha bomba. Kabla ya gesi kuingia, bomba hujazwa maji kwa shinikizo kubwa kuliko lile litakalobeba. Fedha yote hiyo huzama kabla hata senti moja haijarudi, kwa hiyo hakuna atakayelaza bomba kwenda mji mdogo wa milimani.

Bomba likivuka mpaka, ugumu unahamia mezani. Afrika Magharibi wanalo bomba la kilomita 678 kutoka Nigeria kupita Benin na Togo hadi Ghana, sehemu kubwa ikiwa chini ya bahari. Mkataba wake ulisainiwa 2003. Agosti 2012, nanga ya meli ililikata karibu na Lomé, na Ghana ikakaa karibu mwaka mzima bila gesi hiyo. Hata siku ambazo bomba lilikuwa zima, gesi ilipungua mara kwa mara: Nigeria yenyewe ina njaa ya gesi, na madeni ya Ghana yakawa ugomvi. Naliona hilo la mwisho kuwa somo kubwa kuliko nanga. Gesi ikipungua, nani anapewa kwanza?

Swali hilo linatuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko tunavyodhani. Kwa miaka mingi Kibondo na Kasulu ziliwashwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO, ghali na yenye kuchoka. Mwaka 2022 gridi ya Taifa ikafika mkoani Kigoma kwa njia ya Nyakanazi. Tangu hapo methani inayochomwa kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar es Salaam, inawaka Kasulu papo hapo, ikiwa umeme. Mwishoni mwa mwaka huohuo ukame ulipunguza maji mabwawani na nchi ikaingia kwenye mgawo. Sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na Rusumo, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi. Yote mawili ni maji. Mvua ikigoma, tegemeo ni gesi.

Serikali imeweka lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa wilaya ambazo misitu yake imebeba kuni za wenyeji na za kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, lengo hilo ni la lazima. Hapa kwetu, mahali nguzo zilipofika, njia fupi naiona ni jiko la umeme la presha: sufuria ya maharage huiva kwa chini ya uniti moja. Lakini mama aliyeacha kuni akakatiwa umeme wiki mbili atarudi porini. Kwa hiyo mkataba wa bomba la Mombasa utakapofika bungeni, wabunge wa Kibondo, Kasulu na Buhigwe waufungue kwanza kwenye kifungu cha mwaka wa ukame, waone kama mitambo ya Kinyerezi imewekewa akiba yake kabla ya gesi kuvuka mpaka.