Rotini inageuka mfupa: kule Italia wanganga wanajifunza kwa mti

Kila mwenye kushuka shimoni anajua: udongo ukibomoka, mguu unaumia haraka. Mfupa ukivunjika mahali pamoja, munganga anaunyoosha, anaweka platri, na mwili wenyewe unaunga. Lakini jiwe kubwa likiuponda, panabaki nafasi tupu ambayo mwili hauwezi kuijaza peke yake. Hapo nyumba nzima inaingia taabu, juu baba asiyesimama haleti unga.

Mpaka leo wanganga wako na njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kukata kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi kwenye nyonga, na kukipandikiza pale palipopungua. Ni njia nzuri, lakini inaongeza kidonda kingine, na mfupa wa kukata hautoshi siku zote. Ya pili ni chuma: vipande na visi vya kushika mfupa, au kiungo kizima cha bandia. Kobalti, ile tunayochimba hapa kwetu, iko humo pia. Ikichanganywa na kromi inatoa chuma kigumu kisichoshika kutu, na watu wengi wa Ulaya na Marekani wanatembea nacho kwenye nyonga na magoti.

Juu ya nini basi kutafuta kingine? Chuma hicho kinashinda mfupa kwa ukakamavu karibu mara 10. Kinabeba mzigo wote, na mfupa wa pembeni unakaa bure. Mwaka 1892 munganga wa Ujerumani, Julius Wolff, aliandika kwamba mfupa unajijenga kufuatana na mzigo unaoubeba. Ukikosa mzigo unapungua, sawa mkono wa mtu aliyeacha nyundo miezi mingi. Tena mfupa una njia ndogo ndogo ndani, na damu inapita humo. Chuma kizima hakina njia hizo.

Ndiyo maana siku hizi wanasayansi wanakutana kuzungumza juu ya vifaa vya afya vinavyoiga vitu vyenye uhai. Wengine wanachunguza gamba la chaza wa bahari. Wengine wanafuata matumbawe, yale mawe yenye matundu yanayojengwa na viumbe vidogo baharini: mwaka 1974, kule Marekani, Roy na Linnehan walionyesha namna ya kuyageuza kuwa madini ya mfupa.

Katika mji wa Faenza, Italia, kundi la mama mtafiti Anna Tampieri lilichagua rotini, ile ya kusuka viti na vitanda. Ukiikata utaona vitundu virefu vinavyopita kutoka mwanzo mpaka mwisho, karibu sawa na njia za mfupa.

Kazi yenyewe, waliyoitangaza mwaka 2009, inaenda hivi. Kwanza rotini inapikwa kwa moto mkali bila hewa mpaka inakuwa makala. Kila mama anayenunua makala anajua hili: mti umeisha, lakini sura yake bado inaonekana. Kisha makala yanapitishwa kwenye mvuke wa kalisi, yanakuwa kabidi, ile jiwe la taa za zamani za wachimbaji. Ikichomwa kwa oksijeni inakuwa chokaa. Chokaa ikipewa gesi ya kaboni inakuwa tena jiwe. Mwisho inawekwa katika maji yenye fosfati, na kinachotoka ni madini yaleyale ya mfupa wetu, vitundu vikiwa mahali pake. Walipokijaribu kwa kondoo, mfupa mpya uliota na kuingia ndani ya vile vitundu.

Lakini tusidanganyane. Kitu hicho kinavunjika kama chungu kikibeba uzito peke yake. Chuma bado kinahitajika kushika mguu wakati mfupa unaota. Na si dawa ya kuuza sokoni. Mtu akikuletea unga wa rotini kwa ajili ya mfupa, shika franga zako.

Inayookoa mguu leo ni ile saa ya kwanza. Mwenzako akivunjika kwenye karieri, usivute mguu, usiukande. Funga vijiti viwili vinavyopita kiungo cha juu na cha chini ya pale palipovunjika. Usikaze sana: vidole vikiwa baridi au vikibadilika rangi, legeza. Kama mfupa umetoboa ngozi, usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi na mfikishe lopitalo siku hiyohiyo. Baadaye mwambie aache sigara, juu tumbako inachelewesha mfupa kuunga.

Vidudu vikiingia ndani ya mfupa, hakuna rotini wala kobalti itakayoushika mpaka vitolewe kwanza, na hiyo inaweza kuchukua miezi mingi. Kwa hiyo usingoje kesho.