Nani Ashike Ufunguo? Ruhusa za Folda katika Kompyuta za Parokia

Kijana aliyebatizwa Lituhi au Mbamba Bay, ambaye sasa anafanya kazi Dar es Salaam, anapiga simu parokiani wiki chache kabla ya ndoa yake. Anaomba cheti cha ubatizo. Katibu anatafuta jina kwenye kompyuta, kisha anakwenda kulihakikisha kitabuni. Jimbo la Mbinga lilimegwa kutoka Songea mwaka 1986, na vitabu vya baadhi ya parokia ni vikongwe kuliko jimbo lenyewe, hivyo orodha ya kompyuta inaokoa muda mwingi.

Lakini ndani ya kompyuta hiyohiyo yamo majalada ya uchunguzi wa wachumba, zaka za msimu wa kahawa na majina ya wanaosaidiwa na Caritas. Kompyuta za ofisi zikiunganishwa na folda zikaachwa wazi, anayekuja kuchapa matangazo ya Jumapili anaweza kusoma yote hayo. Katika ofisi moja tuliyowahi kusaidia, faili la michango ya mwaka mzima lilitoweka. Wakaanza kutazamana kwa mashaka. Siku ya tatu lilikutwa ndani ya folda ya nyimbo za Pasaka: mwanakwaya alikuwa ameliburuta bila kujua. Ilikuwa bahati, maana faili likifutwa kupitia mtandao wa ofisi, kwa kawaida haliendi kwenye pipa la taka. Limekwenda moja kwa moja.

Kanisa lilikuwa na utaratibu wake kabla ya kompyuta kufika ofisini. Kanuni ya 487 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1983 inataka hifadhi ya nyaraka za jimbo ifungwe, na ufunguo wawe nao askofu na kansela tu. Wengine huingia kwa ruhusa. Serikali nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Sasa tuje kwenye kompyuta yenyewe. Windows ina makufuli mawili, na hapa ndipo wengi hujikwaa. La kwanza ni la kushirikisha folda: linamkagua anayekuja kupitia mtandao tu. La pili liko kwenye diski yenyewe, nalo linamkagua kila mtu, hata aliyeketi mbele ya mashine. Anayepita mtandaoni hukutana na yote mawili, na lililo kali zaidi ndilo linaloshinda. Ofisi nyingi hufunga la kwanza zikaridhika. Kisha mtu anaketi kwenye kiti cha katibu na kufungua kila kitu. Ndiyo maana kila mmoja awe na jina lake la kuingilia na nenosiri lake. Nenosiri moja la ofisi nzima ni sawa na ufunguo unaoning'inia mlangoni.

Ruhusa usizitoe kwa mtu mmojammoja, zitoe kwa kikundi: Mapadre, Ofisi, Hesabu, Wasaidizi. Sisi tunaoishi seminari tunajua jinsi frateri wa mwaka wa kichungaji anavyokuja na kuondoka. Akifika, anaingizwa katika Wasaidizi. Akirudi masomoni, anaondolewa, na hakuna folda ya kugusa. Anayefanya kazi kila siku apewe ruhusa ya kubadilisha, si udhibiti kamili, kwa sababu mwenye udhibiti kamili anaweza kubadilisha hata kufuli lenyewe. Na alama ya kukataza iepukwe, kwa kuwa hushinda ruhusa nyingine. Ukiwakatalia Wasaidizi folda ya ndoa, na paroko naye aliwahi kuingizwa humo ili awape matangazo, paroko atafungiwa nje ya majalada yake mwenyewe.

Nenosiri la msimamizi liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, likae kwenye sefu ya paroko. Katibu akiugua ghafla, kazi isisimame.

Mwisho jaribu. Ingia kwa jina la frateri, si kwa jina la msimamizi, kisha gonga jalada la uchunguzi wa ndoa. Likifunguka, rudi kwenye kufuli la pili. Mara nyingi kundi la watumiaji wote bado limo, limerithiwa kutoka folda ya juu.