Vyuma vya gofu: Nguvu na msamaha vyagombea gramu 270

KATIKA biashara ya vifaa vya gofu kuna ahadi moja ambayo huuzwa upya karibu kila msimu: chuma kinachopeleka mpira mbali zaidi na wakati huo huo kinachomsamehe mchezaji anapokosea. Ahadi hiyo imeyapandisha baadhi ya makampuni na kuyafungisha mengine virago. Kwa mwenye hisa au mwenye duka, kujua ipi ni kazi ya mhandisi na ipi ni maneno ya sokoni ni suala la fedha.

Kwa wasio wachezaji, maelezo machache yanahitajika. Sheria inamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14. Miongoni mwake, zile zenye kichwa chembamba cha chuma na zinazopewa namba ndizo huitwa vyuma. Namba ikiwa ndogo, uso wa fimbo husimama na mpira huenda mbali. Namba ikiwa kubwa, uso hulala, mpira hupaa juu na kutua karibu.

Kichwa cha chuma namba 7 kina uzito wa gramu 270 hivi, na ugomvi wote umo humo. Mbunifu hawezi kuongeza gramu ovyo, kwani kichwa kizito hupunguza kasi ya fimbo na kuharibu mizani yake. Anachoweza ni kuhamisha tu. Akitoa gramu 20 katikati na kuzipeleka pembeni, amempa mchezaji kitu kimoja na kumpunguzia kingine.

Mambo matatu, uzito mmoja

Jambo la kwanza ni msamaha. Mpira ukigongwa nje ya kitovu cha uso, kichwa cha fimbo hujipinda, nguvu hupotea na mpira hukengeuka. Uzito ukisambazwa kwenye kingo, kichwa hukataa kujipinda na kosa linakuwa dogo.

Jambo la pili ni nguvu. Mpira na uso wa fimbo hugusana kwa muda wa nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mfupi, uso uliofanywa mwembamba hubonyea kidogo na kurudi, nao mpira huondoka kwa kasi kubwa zaidi.

Jambo la tatu ndilo linalomhusu hasa mchezaji mzoefu, nalo ni utiifu. Mchezaji wa aina hii hatafuti chuma chenye kupiga mbali siku moja na karibu siku ya pili. Anataka namba 7 ipige umbali ule ule kila mara, mpira uwe na mzunguko wa kutosha kusimama kwenye grini, na aweze kuupinda kushoto au kulia kwa hiari yake.

Mambo haya hayapatani kwa urahisi. Uso mwembamba unaoongeza kasi unaweza pia kuurusha mpira mita kadhaa kupita lengo. Kichwa kipana chenye kusamehe hugumu kuupinda mpira, na soli yake nene huleta shida kwenye majani marefu. Mtaka yote hukosa yote, na wabunifu wanalijua hilo kuliko wauzaji.

Mhandisi aliyeacha kazi

Kwa miaka mingi vyuma vya wachezaji hodari vilifuliwa. Kipande cha chuma laini kilipashwa moto na kupigwa kwa nyundo kubwa za mashine mpaka kikapata umbo la upanga mfupi, na uzito wote ukabaki nyuma ya kitovu. Ukikipiga sawasawa, mkono husikia raha. Ukikosea, huumia. Kampuni ya Mizuno ya Japani, ambayo hisa zake huuzwa katika Soko la Hisa la Tokyo, imejijengea jina kwa vyuma vinavyofuliwa Hiroshima.

Aliyevuruga mpangilio huo hakuwa mhunzi. Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway, alikuwa mhandisi wa kampuni ya General Electric nchini Marekani. Mwaka 1959 alitengeneza katika gereji ya nyumba yake huko California fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ambayo uzito wake aliupeleka kwenye ncha mbili. Fimbo ilipogonga mpira ililia "ping", na mlio huo ukawa jina la kampuni. Mwaka 1967 aliacha ajira na kushika biashara yake kikamilifu mjini Phoenix, Arizona.

Solheim aliihamishia hesabu ile ile kwenye vyuma. Badala ya kufua, alitumia njia ya kuyeyusha chuma na kukimimina katika kalibu, njia iliyomwezesha kuchimba nyuma ya kichwa na kuacha kingo nene. Mwaka 1982 kampuni yake ilitoa PING Eye2, ambavyo huhesabiwa miongoni mwa vyuma vilivyouzwa kwa wingi kupita vyote. Wachezaji wa kulipwa waliodhani kwamba chuma cha kalibu ni cha wanafunzi walianza kukibeba wenyewe.

Mafanikio yalileta kesi. Chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilidai kwamba mifereji iliyochongwa kwenye uso wa Eye2 ilikiuka vipimo. Solheim alikwenda mahakamani mwaka 1989. Alipatana na chama hicho mwaka 1990, na na waendeshaji wa mashindano ya kulipwa, PGA Tour, mwaka 1993. Kwa mwekezaji, somo lilikuwa wazi: katika bidhaa hii, kanuni ya vipimo inaweza kutishia thamani ya ghala zima. Kanuni za mifereji zilibadilishwa tena mwaka 2010.

Chuma chenye uvungu

Hatua iliyofuata ilikuwa kuufanya uso uwe mwembamba zaidi bila kukifanya kichwa kiwe kikubwa. Mzoefu hapendi kuinama na kuona chini yake kitu kama jembe. Jibu likawa kichwa chenye uvungu ndani, kwa nje chembamba kama cha kufuliwa.

Uvungu ulileta matatizo mawili. Uso usio na kitu cha kuuegemeza unaweza kupasuka, na mlio wake ni wa debe tupu. Kampuni ya PXG, iliyoanzishwa na tajiri wa Marekani Bob Parsons mwaka 2014, ilijaza uvungu huo kwa utomvu wa plastiki unaovutika kama mpira. Utomvu huo huegemeza uso na kunyamazisha mlio. Vyuma vyake vya kwanza viliuzwa karibu dola 300 kwa fimbo moja, bei iliyowashangaza wengi.

Mwaka 2017 TaylorMade ilitoa vyuma vya P790, vyenye uvungu uliojazwa povu, kwa bei ya chini ya hiyo. PXG ilifungua kesi ya hataza mwaka huo huo, na baadaye pande hizo mbili zikapatana.

Ndani ya vichwa vya namna hii mara nyingi hufichwa pia kipande cha tungsteni. Madini hayo ni mazito zaidi ya mara mbili ya chuma kwa ujazo ule ule, hivyo kipande kidogo kikiwekwa chini kwenye ncha huvuta kitovu cha uzito kishuke. Kitovu kikiwa chini, mpira hupaa kwa urahisi hata kama uso umesimamishwa.

Namba 7 au namba 6?

Hapa mnunuzi anapaswa kufumbua macho. Chuma namba 7 cha kufuliwa cha mtindo wa zamani kilikuwa na uso uliolala kwa nyuzi 35 hivi. P790 ya mwaka 2017 ilikuwa na nyuzi 30.5. Tofauti kati ya namba moja na inayofuata kwa desturi ni nyuzi 4 hivi. Kwa maneno mengine, namba 7 hiyo mpya kwa nyuzi zake ni namba 6 ya zamani.

Hivyo mteja anayepiga mpira dukani na kuona umezidi kwa mita 12 anatazama vitu viwili kwa pamoja: uso mwembamba, ambao ni ubunifu, na nyuzi zilizopunguzwa, ambazo mhunzi yeyote angeweza kuzipunguza. Haimaanishi kwamba ameibiwa. Kitovu cha uzito kilichoshushwa ndicho kinachouwezesha mpira huo kupaa na kutua vizuri licha ya uso kusimama. Lakini sehemu ya umbali anaolipia imetokana na kubadili namba tu.

Kupunguza nyuzi kuna gharama nyingine. Fimbo ya mwisho ya seti ya P790, ile ya kupigia mipira mifupi, ilikuwa na nyuzi 45. Fimbo ya kutolea mpira mchangani kwa kawaida ina nyuzi 56. Kati yake kuna pengo la nyuzi 11, na mchezaji makini hulazimika kununua fimbo moja ya kuliziba. Muuzaji hufurahi, lakini mnunuzi anakumbuka kwamba mfuko wake hauruhusiwi kuzidi 14.

Ndiyo maana wazoefu wengi sasa huchanganya seti. Namba 4 na 5, ambazo ni ngumu kupiga, huwa za uvungu kwa ajili ya nguvu na msamaha. Namba 8, 9 na zinazofuata huwa za chuma kizima kwa ajili ya utiifu.

Hisa ziko wapi?

Mwaka 2016 soko lilionekana limekufa. Nike ilitangaza kuacha kutengeneza fimbo na mipira ya gofu, na adidas ikaiweka TaylorMade sokoni. Mwaka 2017 ilikubaliana kuiuza pamoja na majina mengine mawili kwa KPS Capital Partners kwa dola milioni 425. Miaka minne baadaye, baada ya gofu kufufuka wakati wa janga la korona, TaylorMade ilinunuliwa na Centroid ya Korea Kusini kwa bei iliyoripotiwa kuwa takriban dola bilioni 1.7.

Mwekezaji mdogo hakuwa na nafasi katika faida hiyo, kwa kuwa TaylorMade haikuwa sokoni. PING nayo ni mali ya familia ya Solheim, na PXG ni kampuni binafsi. Milango iliyofunguliwa kwa umma ni michache: Callaway iliingia Soko la Hisa la New York mwaka 1992, na Acushnet, mmiliki wa jina la Titleist, mwaka 2016 kwa dola 17 kwa hisa. Acushnet huuza pia mipira, ambayo hupotea na kununuliwa tena, wakati seti ya vyuma hukaa mfukoni kwa miaka. Anayenunua hisa anapaswa kuzitofautisha biashara hizo mbili.

Kwa wafanyabiashara wa hapa nyumbani

Afrika Mashariki nayo ina wateja wa vyuma hivi, vipya na vilivyotumika. Anayeviuza Nairobi akumbuke kwamba mji huo uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi na mpira huenda mbali kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Mteja aliyejaribu fimbo Nairobi na kwenda kuchezea Nyali atakuta mpira unatua kabla ya grini, naye atamlaumu muuzaji.

Kwa seti zilizotumika, nyuzi zipimwe fimbo kwa fimbo kabla ya kutaja bei, kwani vyuma laini vya kufuliwa hupindwa na mafundi ili kumfaa mwenye navyo wa kwanza. Na kwa kuwa thamani ya chuma chenye uvungu imo ndani, mahali ambapo jicho halifiki, chuma cha bandia hakigundulikani kwa kutazamwa tu. Bei iliyo nusu ya ile ya wakala ni sababu ya kuuliza risiti.

Wauzaji watazidi kutangaza mita zilizoongezeka. Mnunuzi mwenye busara ataanza kwa kuuliza nyuzi za namba 7, kisha atapiga mipira kumi na kutazama tofauti kati ya uliokwenda mbali kupita yote na uliokuwa mfupi kupita yote. Kwa mchezaji mzoefu, tofauti hiyo ndiyo bei halisi ya chuma.