Uhandisi na Insia: Taaluma Mbili Barabarani Kibaha

Kusomea taaluma kuu mbili ni utaratibu wa chuo kikuu unaomruhusu mwanafunzi, ndani ya shahada moja, kutimiza masharti ya masomo makuu mawili ili yote mawili yatambuliwe kwa uzito sawa anapohitimu. Nchini Tanzania jambo hili si geni kwa walimu, kwa kuwa anayesomea shahada ya sanaa na ualimu huchukua masomo mawili ya kufundishia, kwa mfano historia na Kiswahili. Lililo geni ni kuuoanisha uhandisi na insia, yaani lugha, fasihi, historia, falsafa na taaluma nyingine zinazomchunguza binadamu kwa kupitia maneno, kumbukumbu na fikra zake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, iliyochipuka kutoka kitivo kilichoanzishwa mwaka 1973, na kina Ndaki ya Insia pia, lakini mwombaji aliyechaguliwa katika programu zaidi ya moja hutakiwa kuthibitisha moja tu na kuziacha nyingine.

Hasara ya mgawanyo huo huonekana barabarani kabla ya kuonekana darasani. Mfano mmoja ni Kwa Mathias, mtaa wa mji wa Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, takriban kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam, na Barabara ya Morogoro inayoupitia mji huo ndiyo hubeba malori yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Mhandisi anayeitazama barabara hiyo huona idadi ya magari kwa siku, uzito wa kila ekseli, unene wa tabaka la kokoto na la lami, na mteremko unaohitajika ili maji ya masika yasituame juu yake. Hayo yote ni ya lazima, na barabara iliyojengwa bila hayo haidumu. Hata hivyo, kandokando ya barabara kuna nyumba, na juu ya ukuta wa nyumba huweza kuchorwa herufi X ambayo wakazi wa kando ya barabara kuu nchini wanaifahamu vyema: X nyekundu humaanisha kwamba nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara na itabomolewa bila fidia, ilhali X ya kijani humaanisha kwamba nyumba itaondolewa lakini mwenyewe atafidiwa.

Tofauti ya rangi hizo haitokani na udongo wala na ubora wa saruji, bali na historia. Hifadhi ya barabara ni ukanda wa ardhi uliotengwa pande zote mbili kwa ajili ya matumizi na upanuzi wa barabara. Kwa barabara kuu ukanda huo ulihesabiwa kwa muda mrefu kuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati, hadi Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipoufikisha mita 30. Aliyekuwa amejenga kihalali ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa alijikuta amo ndani ya hifadhi pasipo nyumba yake kusogea hata inchi moja, na hiyo ndiyo sababu ya X yake kuwa ya kijani. Kati ya Kimara na Kiluvya, kwenye Barabara hiyohiyo ya Morogoro, mambo yalikuwa mazito zaidi, kwani katika bomoabomoa ya mwaka 2017, iliyotangulia upanuzi wa kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, kipimo kilichotumika kilikuwa mita 121.5 kila upande. Maswali yanayozuka katika mazingira kama hayo si ya zege, ni ya tarehe: nani alifika lini, kijiji kiliandikishwa lini, na siku hiyo sheria iliyotumika ilikuwa ipi. Mhandisi aliyefundishwa kuhoji nyaraka za kale, kuzilinganisha na masimulizi ya wazee na kutambua pale zinapopingana, huyaona maswali hayo kuwa sehemu ya kazi yake tangu mchoro wa kwanza, wala hayachukulii kama kero ya watu wanaochelewesha mradi.

Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, inatoa mfano wa pili, kwa kuwa njia yake inakatiza Pugu na Soga katika nchi ya Wazaramo, na kokote ambako mstari ulionyooka katika mchoro unapita penye makazi ya zamani, makaburi hayakosekani. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inaeleza taratibu za kufuatwa, lakini haiwezi kumfundisha kijana mwenye kofia ngumu namna ya kuketi mkekani na wazee wa ukoo na kulianza neno hilo.

Lugha nayo ina sehemu yake. Katika eneo la ujenzi mafundi husema nondo, zege, kokoto, jamvi na mkanda, wakati mhadhara wa uhandisi hutolewa kwa Kiingereza, kiasi kwamba mwanafunzi anayekwenda mafunzo kwa vitendo kwa mara ya kwanza hulazimika kujifunza upya majina ya vitu ambavyo tayari anajua kuvikokotoa. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na kazi ya namna hiyo, yaani kuunda istilahi ambazo ni maneno maalumu ya taaluma fulani, haiwezi kukamilishwa na mwanaisimu peke yake wala mhandisi peke yake. Mtu mmoja mwenye elimu zote mbili angefaa sana hapo, na ni jambo la kusikitisha kwamba mfumo wa elimu haumwandai.

Ukuta unaozitenganisha taaluma hizi mbili hujengwa mapema, kidato cha tano, pale mwanafunzi anapoingia katika tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu atakayoyasoma kwa miaka miwili. Anayechukua Fizikia, Kemia na Hisabati huiaga historia, na anayechukua Historia, Kiswahili na Kiingereza hujifungia mlango wa uhandisi, wote wakiwa bado vijana wadogo. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi 49 juu ya 16 zilizokuwapo, hatua ya kupongezwa, ingawa orodha hiyo nayo imepangwa kwa makundi ya fani. Inafaa kukumbuka kwamba Kibaha yenyewe iliwahi kufikiriwa kwa namna nyingine: mradi ulioanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970 kama Shirika la Elimu Kibaha, uliweka pamoja shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma za afya, kana kwamba ujuzi wa mikono, wa vitabu na wa kuishi na watu ulikuwa jambo moja.

Gharama za kuunganisha taaluma hizi hazifai kufichwa. Shahada ya uhandisi huchukua miaka minne na krediti zisizopungua 480, kila krediti ikihesabiwa kuwa saa 10 za masomo, na shahada ya miaka mitatu hudai krediti 360. Hata masomo ya pamoja yakipunguzwa, mzigo unabaki mkubwa. Baada ya kuhitimu, kijana hupitia mafunzo ya kazi chini ya usimamizi ya miaka mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Ndiyo maana njia ya kati ina mvuto. Katika chuo cha MIT nchini Marekani kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mhandisi au mwanafizikia, hutakiwa kusoma kozi nane za insia, sanaa na sayansi za jamii. Chuo hicho ndicho alichosomea fizikia mwandishi M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam, ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1989 na kuirudisha historia ya jamii yake ya Afrika Mashariki mikononi mwa wasomaji.

Kwa mkazi wa Kwa Mathias njia iliyo wazi leo ni ya kusoma taaluma moja baada ya nyingine. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa na kina kituo cha Mkoa wa Pwani mjini Kibaha, hivyo mhandisi aliyekwisha kuajiriwa anaweza kusomea shahada ya historia au ya Kiswahili jioni, baada ya kuvua viatu vyenye udongo wa barabara ileile anayoipima mchana.